Mtoto alale kambini: usiku wa ziwani una somo lake

Shule nyingi za Mwanza huwapeleka wanafunzi kisiwa cha Saanane, katika Ziwa Victoria, asubuhi na kuwarudisha jioni. Safari hiyo ni nzuri na iendelee. Kisiwa kiko karibu na mjini, na hifadhi yenyewe ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, kilomita za mraba 2.18 tu. Watoto huwaona pimbi wakiota jua juu ya miamba, wakamsikia furukombe, wakarudi nyumbani. Ombi letu sisi tunaofundisha elimu ya mazingira ni kwamba shule iongeze usiku. Kambi ya siku tatu ufukweni au chini ya vilima vya mawe humpa mtoto mambo ambayo safari ya mchana haiwezi kumpa.

Chukua mfano wa upepo. Mchana jua hupasha nchi kavu joto haraka kuliko maji; hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja bara. Usiku nchi kavu hupoa mapema, na upepo hugeuka. Darasani hiyo ni mistari mitatu ubaoni, hukaririwa na kusahauliwa. Kambini tunafunga kitambaa mtini alasiri. Nakumbuka binti mmoja wa darasa la sita aliyetoka hemani na mwalimu wa zamu saa kumi usiku, akakuta kitambaa kimeelekea ziwani. Aliwaamsha wenzake wote waje kukitazama. Mtoto yule hatakariri tena somo la upepo.

Usiku huohuo ataona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kama mji mwingine. Akiuliza kwa nini mbalamwezi ikiwa kali taa hupungua, anayemjibu vizuri ni mvuvi mwenyewe: dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiangaza kila mahali taa haina nguvu ya kuwavuta. Tumezoea kumwalika mvuvi mzee aje kuzungumza na watoto jioni, na humsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi. Kambi ikiwa mwezi wa Julai, kabla ya alfajiri kilimia huwa kimeshachomoza mashariki. Wahenga walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watoto wengi wa mjini hawajawahi kuonyeshwa nyota hizo.

Mafunzo ya namna hii yana historia ndefu. Mwaka 1941 mwalimu Kurt Hahn alishiriki kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, na miaka ya 1950 shule ya mlimani ya mpango huo ilianza Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro. Wa Loitokitok walitumia theluji na vilele. Sisi tuna ziwa, tena tuna mawe. Miamba ya Mwanza iliumbika chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Maji yaliozesha mwamba kwenye nyufa, udongo ukachukuliwa, yakabaki mabonge yaliyopandana kama yamepangwa na mtu. Mtoto ayashike saa nane mchana, kisha ayashike alfajiri.

Sasa usalama, na hapa nawaomba wazazi wasinione mkali. Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi wanne walifariki katika ghuba ya Lyme Bay, kusini mwa Uingereza, wakiwa kwenye mitumbwi midogo na kituo cha michezo ya nje. Mwaka 1995 nchi hiyo ikatunga sheria ya kuvipa leseni vituo vya aina hiyo. Ziwa letu nalo halitaniwi. Ule upepo wa usiku unaotoka nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na upepo wa pande nyingine, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba za radi huzaliwa usiku na kuendelea mpaka asubuhi. Kwa hiyo boti ya watoto isisafiri usiku wala alfajiri. Mwalimu asome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hiyohiyo, na kila mtoto afungwe jaketi okozi linalomtosha kabla ya kukanyaga boti. Nahodha akisema leo hapana, basi hapana, hata kama nauli imeshalipwa.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, mzazi aulize nani atakuwa macho saa tisa usiku, gari la dharura litalala wapi, na dawa za mtoto wake atazishika nani. Vyandarua si suala la kujadili.

Linalosahauliwa zaidi ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini kuosha sufuria. Watoto wasiogelee wala kuogea ufukweni. Maji ya kuoga yatekwe mapema na kukaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili. Ya kunywa yachemshwe. Mtoto akipata homa wiki chache baada ya kambi, au damu ikaonekana kwenye mkojo au choo hata miezi kadhaa baadaye, apelekwe kituo cha afya na mzazi aseme wazi kwamba alikuwa ziwani. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na dozi yake hupimwa kwa uzito au urefu wa mtoto.