"Ndani ya kiwango" si sawa na "salama"

Popote penye kiwanda na majirani wanaolalamika, hakosekani msemaji wa kutangaza kwamba vipimo vya damu "viko ndani ya kiwango salama". Mwandishi anaandika hivyo hivyo alivyosikia, na jioni taarifa ya habari inasomwa hivyo hivyo. Kwa risasi (yale madini ya kwenye betri za magari, si ya bunduki) kauli hiyo haisimami, kwa sababu kiwango salama hakipo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kilichopo ni kiwango rejea: namba ambayo kipimo cha mtoto kikiivuka, mtoto huyo anafuatiliwa na chanzo cha risasi kinatafutwa. Basi.

Kinachosahaulika ni namba hiyo inakotoka. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, hutumia vipimo vya watoto wa huko wa umri wa mwaka 1 hadi 5, huwapanga kuanzia mwenye risasi kidogo hadi mwenye nyingi, kisha hukata mstari pale ambapo asilimia 97.5 wako chini yake. Mwaka 2012 mstari uliangukia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu (namba zote zinazofuata ni za kipimo hicho hicho). Mwaka 2021 ukashushwa hadi 3.5, kwa kuwa risasi mwilini mwa watoto wa Marekani kwa jumla ilikuwa imepungua. Si kwamba mtu aligundua mwaka huo kuwa 4 inadhuru na 3 haidhuru. Ni sawa na kushika nafasi ya kumi darasani: hakuoneshi kama umefaulu, maana darasa zima laweza kuwa limefeli.

Namba za zamani hazikutokana hata na hesabu hiyo. Zilikuwa viwango vya kuanza kushtuka, na kila watafiti walipochunguza kwa makini zaidi zilishushwa. Miaka ya 1960 ilikuwa 60. Ikaja 40, ikaja 30, mwaka 1985 ikawa 25, na 1991 ikawa 10. Mtoto aliyekuwa na 20 mwaka 1990 wazazi wake wangeambiwa waende nyumbani bila wasiwasi. Mwaka uliofuata, damu ikiwa ile ile, angeitwa arudi hospitali.

Mkanganyiko huu una wazee wake. Robert Kehoe, daktari aliyelipwa na watengenezaji wa petroli yenye risasi, alishikilia kwa miongo kadhaa kwamba risasi mwilini ni jambo la asili, kwani hata watu wanaoishi mbali na viwanda wanayo, na kwamba chini ya 80 hakuna wa kuumwa. Mwaka 1965 Clair Patterson, mwanakemia aliyekuwa ameshapima umri wa dunia kwa kutumia risasi hiyo hiyo, akamjibu kwamba kitu kikionekana kwa kila mtu kinakuwa cha kawaida tu, hakigeuki kuwa cha asili. Wote walikuwa wameshachafuliwa, kwa hiyo hakuna aliyebaki msafi wa kulinganishwa naye. Kwangu mimi jibu hilo lilitosha kuufunga mjadala, lakini petroli ya magari ya aina hiyo iliendelea kuuzwa mahali fulani duniani hadi 2021.

Sasa tuje Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Watoto wadogo wa hapo walipopimwa mwaka 2015, wastani wao ulikuwa 7.4. Katika mtaa wa Bangladesh, nao wa Mombasa, uliochukuliwa kwa ajili ya kulinganisha, ulikuwa 3.7. Kwa namba ya 1991 mitaa yote miwili iko "ndani". Kwa ile ya 2012, Owino Uhuru imevuka. Kwa ya 2021, hata Bangladesh imevuka.

Na hapo kiwanda kilikuwa kimeshafungwa. Risasi haikai sana kwenye damu. Kila mwezi hivi hupungua kwa nusu, na sehemu yake huhamia kwenye mifupa na kutulia humo miongo mingi. Kipimo cha damu kinaeleza zaidi kinachoingia mwilini siku hizi kuliko kilichoingia miaka mitano iliyopita. Kesi ya wakazi wa Owino Uhuru ilizunguka mahakamani kwa miaka: waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, ikatenguliwa kwenye rufaa 2023, Mahakama ya Upeo ikairejesha Desemba 2024.

Wanaharakati nao huteleza, ila kwa upande wa pili. Mtoto mwenye 6 hajawa mahututi, na dawa za kuondoa risasi mwilini kwa kawaida huanza kufikiriwa kwenye 45. Lakini tafiti zimeonesha kwamba, akili ya mtoto hupunguzwa zaidi na mikrogramu za mwanzo, zile za chini ya 10, kuliko zinazofuata, yaani pale pale ambapo msemaji wetu anatuliza watu.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, matokeo yakija mezani sema "chini ya kiwango rejea", taja ni namba ipi, ya mwaka gani, na damu ilitolewa lini. Hilo neno "salama" liache.