Tiba kwa vitendo: dhana potofu na ninayojifunza darasani

Tangu nianze kusomea tiba kwa vitendo (occupational therapy), yaani kumsaidia mtu aweze tena shughuli zake za kila siku, sipiti wiki bila kusikia mtu akiieleza fani hii kivingine kabisa na ilivyo. Nazijibu hapa dhana potofu ninazozisikia zaidi.

Dhana: Ni fiziotherapia kwa jina lingine.

Ukweli: Fani hizi ni majirani na mara nyingi huhudumia mgonjwa mmoja. Fiziotherapia hutazama zaidi mwendo wenyewe: nguvu za misuli, viungo, kutembea. Sisi tunaanzia kwenye shughuli. Mtu aliyepata kiharusi anataka kuvaa shati mwenyewe, basi shati hilo ndilo tiba. Anaketi kwenye kiti imara, nyayo zimekanyaga sakafu, shati limetandazwa mapajani. Mkono uliopooza unatangulia kuingia, ule mzima unavuta nguo mpaka begani, kisha unafuata. Wakati wa kuvua, mkono mzima hutoka kwanza. Utaratibu huu unalinda bega lililolegea, ambalo huumia likivutwavutwa.

Dhana: Kazi yao ni kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wagonjwa.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Anayefanyiwa kila kitu hukosa nafasi ya kujifunza upya, hata kama anayemfanyia ana nia njema. Kazi yetu ni kujua shughuli inakwamia wapi. Chukua kupiga mswaki. Mmoja vidole vyake havina nguvu, na mpini ulionenepeshwa unatosha kumsaidia. Mwingine ana vidole vizima lakini ubongo wake umeacha kuzingatia upande wa kushoto, kwa hiyo mswaki uliowekwa huko kwake haupo. Huyu anafundishwa kugeuza kichwa na macho kuutafuta. Wa tatu ameushika mkononi, hajui hatua inayofuata. Ukiwapa wote mpini mnene, umewasaidia theluthi. Ni kuchunguza huku kunakonifanya niipende fani hii.

Dhana: Ni kusuka na kufinyanga ili siku ipite.

Ukweli: Kazi za mikono zimo katika historia yetu, wala hatuzionei haya. Mwaka 1917, mjini Clifton Springs, jimbo la New York, watu 6 waliunda chama cha kwanza cha fani hii Marekani. Miongoni mwao alikuwamo daktari wa magonjwa ya akili, William Rush Dunton, na msanifu majengo George Barton, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu na kupooza upande mmoja. Kusuka kunatumika hata leo, ila kwa mtu ambaye kusuka kuna maana kwake.

Dhana: Watoto wanachezeshwa tu.

Ukweli: Kucheza ndiyo shughuli kuu ya mtoto. Anayetunga shanga anazoeza kidole gumba na cha shahada kushikana, na vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyofunga vifungo.

Dhana: Haiwahusu wenye matatizo ya akili.

Ukweli: Inawahusu tangu mwanzo, kama kazi ya Dunton inavyoonyesha. Kwa mwenye sonona, kuamka saa ile ile na kurudia shughuli moja ndogo aliyoiacha ni sehemu halisi ya matibabu.

Dhana: Ni kozi fupi, mtu yeyote mwenye huruma anaiweza.

Ukweli: Huruma inahitajika sana. Lakini tunasoma anatomia, mfumo wa fahamu na saikolojia, na Shirikisho la Dunia la fani hii, lililoanzishwa mwaka 1952, linadai angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi kabla mwanafunzi hajahitimu.