WBC imepanda? Haimaanishi una maambukizi kwenye damu

Kwenye majibu ya picha kamili ya damu, FBP kama wengi tunavyoiita, hakuna mstari unaotisha watu kama WBC. Hiyo ndiyo hesabu ya seli nyeupe, zinazotengenezwa ndani ya uboho wa mifupa ili kupambana na vimelea. Maabara nyingi huhesabu 4,000 hadi 11,000 katika maikrolita moja ya damu kuwa kawaida kwa mtu mzima, na kwenye karatasi utaona 4 hadi 11.

Dhana: ikizidi 11 una maambukizi kwenye damu, meza antibayotiki.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana watu wanamaliza dozi za ugonjwa wasiokuwa nao. WBC hupanda kwa ujauzito, mazoezi makali, upasuaji, kuungua moto, hata kwa dawa za steroidi. Bakteria kwenye damu ni jambo jingine kabisa: huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na mgonjwa wake kwa kawaida anaonekana anaumwa kweli.

Soma pia mistari ya chini yake, inayoonyesha aina za seli nyeupe. Neutrofili zikipanda, daktari hufikiria kwanza bakteria. Limfosaiti zikipanda, mara nyingi ni virusi, ambavyo antibayotiki haziviui. Eosinofili huongezeka kwa minyoo, kichocho, pumu na mzio. Mvuvi wa Ukerewe anayeshinda majini, eosinofili zake zikiwa juu, apimwe choo na mkojo kutafuta mayai ya kichocho. Akikutwa nayo atapewa prazikwanteli. Amoksilini haitamsaidia chochote.

Dhana: ikiwa chini ya 4, kinga imekwisha.

Inaweza kuwa dalili ya tatizo, na homa ya matumbo au VVU huweza kuishusha. Lakini Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wamerithi seli nyekundu zisizo na alama iitwayo Duffy. Watu hawa huwa na neutrofili chache kwenye damu tangu utotoni, na bado wanapambana na maambukizi kama kawaida. Urithi huohuo huwakinga kwa kiasi kikubwa na aina ya malaria iitwayo vivax. Viwango vingi vya vitabuni vilitokana na watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mtu mzima wa afya anaweza kuambiwa ana upungufu ambao kwake ni hali ya kawaida.

Dhana: usaha ni damu chafu inayotoka.

Usaha ni mabaki ya mapambano. Neutrofili hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, humeza bakteria, huwaua kwa kemikali zake, kisha nazo hufa kwa wingi palepale. Usilikamue jipu, unaweza kusukuma bakteria ndani zaidi.

Dhana: seli nyeupe zikiwa nyingi, kinga ni imara.

Katika baadhi ya saratani za damu huweza kupita 100,000, na mgonjwa akawa anaugua kila mara, kwa kuwa nyingi hazijakomaa na haziwezi kazi.

Kwa wanaotumia ARV, dawa za kufubaza VVU, hesabu ya CD4 ikipanda hadi 600 si ruhusa ya kuacha dawa. CD4 ni limfosaiti, na VVU hujificha humohumo ndani ya baadhi yake. Dawa zikikatizwa, kwa watu wengi virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache.