Mbung'o wa Tanga, eksirei na mionzi: mmeuliza, tunajibu

Shikamoo daktari. Mjomba anasema hapa Tanga walikuwa wakifuga mbung'o na kuwapiga mionzi. Ni kweli? Na hao mbung'o hawakutuachia madhara?

Marahaba. Mjomba hakukudanganya. Kituo cha utafiti wa mbung'o hapa Tanga kiliwafuga kwa wingi. Vizimba vya wavu vilipangwa juu ya utando mwembamba wa silikoni, na chini yake damu ya ng'ombe ikiwa vuguvugu. Mbung'o wakitoboa utando na kufyonza, wakidhani wamempata ng'ombe mwenyewe. Madume walipigwa mionzi ya gama hadi mbegu zao zikaharibika, kisha wakatiwa kwenye visanduku na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Kati ya 1994 na 1997 walimwagwa zaidi ya milioni 8.

Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja, na huzaa buu mmoja mmoja. Akiangukia kwa dume tasa, kizazi chake kimeishia hapo. Kabla ya madume hao kumwagwa, ng'ombe walipakwa dawa na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa msituni, maana mbung'o wakiwa wengi mno, madume tasa hawafui dafu. Mbung'o wa mwisho Unguja alinaswa Septemba 1996.

Kuhusu madhara: ng'onda, samaki mkavu, huanikwa juani kutwa, lakini usiku hatoi mwanga. Dume aliyepigwa gama naye hatoi mionzi. Cha kuogopwa ni chanzo chenyewe cha mionzi, nacho hufungiwa ndani ya madini ya risasi.

Kwa hiyo malale, ule ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o, yamekwisha?

La. Ugonjwa wa Unguja ulikuwa nagana, wa mifugo. Huku bara mbung'o wapo, hata hifadhi ya Saadani hapo jirani. Ukiumwa na mbung'o porini, kisha ukapata homa, maumivu ya kichwa au kidonda palipoumwa, nenda kituo cha afya na useme ulikotoka. Usipotaja pori, homa yako itaitwa malaria.

Nimepigwa eksirei ya kifua na ninanyonyesha. Nikamue maziwa niyamwage?

Usimwage hata tone, mama, mnyonyeshe mwanao. Picha moja ya kifua ni kama milisivati (kipimo cha mionzi mwilini) 0.1, wakati ardhi, anga na chakula hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Mashine ikizimwa, mionzi haipo tena. Mjamzito ndiye aseme mapema, kabla ya kupigwa picha.

Dada yangu atanyweshwa dawa ya mionzi kwa ajili ya tezi la shingo, hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Naye aendelee kunyonyesha?

Yeye hapana. Hapa chanzo chenyewe kinaingia mwilini, yaani ng'onda amemeza jua. Dawa hiyo ni iodini yenye mionzi, nayo hupita kwenye maziwa na kukaa kwenye tezi la mtoto. Amwachishe kabla ya matibabu, kwa tarehe atakayopangiwa na daktari wake, na asimrudishe ziwani. Akirudi nyumbani atakuwa na siku za kukaa mbali na watoto na wajawazito. Aziulize idadi kabla hajaondoka hospitali, na nyinyi mpange mapema nani atalala na mtoto.