Kinachowasha kwenye kijiti cha mswaki

Kijiti kibichi cha mti wa mswaki, Salvadora persica, huwasha ulimi mara tu ukikitafuna. Sisi wa kemia ya mimea tunaujali sana muwasho huo, maana sehemu kubwa ya nguvu ya mti huu imo humo.

Mswaki huota nchi kavu, hata penye chumvi: kandokando ya Ziwa Turkana, Uarabuni, mpaka India. Mizizini mwake, ambako vijiti vingi hukatwa, mna glukotropaeolini, kiambata chenye salfa ambacho kikiwa peke yake hakina ukali. Meno yanapoponda nyuzi, kiambata hicho hukutana na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) kiitwacho mirosinasi, na papo hapo hutoka benzili isothiosianati, mafuta yenye harufu kali yanayogeuka mvuke upesi. Mbegu za papai nazo hutoa kiambata kilekile zikitafunwa.

Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ninalolipenda mno. Vipande vya mswaki vilining'inizwa juu ya bakteria bila kuwagusa, na bado bakteria wa ugonjwa wa fizi, akiwemo Porphyromonas gingivalis, walidhurika vibaya. Mwaka 2011 wakaonyesha kuwa kiini cha nguvu hiyo ni benzili isothiosianati.

Sasa chukua mizizi hiyo, ikaushe, isage, ichemshe. Joto limeua kimeng'enya, mvuke umekwenda zake. Majini hubaki chumvi na tanini, navyo vina faida yake, kwa kuwa tanini hukaza fizi, ila ule ukali haumo tena. Ndiyo maana nikiona dawa ya meno iliyoandikwa “ina dondoo ya mswaki”, huuliza kwanza: dondoo hiyo ilitolewa kwa maji, kwa alkoholi, au kwa nini? Na mizizi ilikuwa mibichi?

Streptococcus mutans, anayeozesha meno, hakutikisika sana katika jaribio lile la 2008, na floridi, madini yanayokinga meno yasioze, imo kidogo tu kijitini. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya mswaki mwaka 1986, nami naunga mkono, lakini mwenye meno yanayotoboka asiache dawa yenye floridi.

Kata ncha iliyotumika, utafune sehemu mpya. Sugua taratibu kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Ukikwangua kwa nguvu huku na huku, fizi hurudi nyuma na mzizi wa jino hubaki wazi.