Je, wajua kwa nini bwawa likibomolewa vitani, kiu hudumu kuliko mafuriko?

Mama anayeniuzia samaki katika soko la Mbuyuni, hapa Moshi, alikuwa anaparua magamba ya perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu huku redio ya jirani ikisoma habari za vita vya Ukraine. Akauliza bila kuinua macho: "Hivi baba, bwawa wakilipiga, maji si yanapita tu halafu yanakwisha?"

Maji yanapita, ndiyo. Kazi inaanza yakishakwisha.

Bwawa lenyewe ni la Kakhovka, kwenye mto Dnipro, lililojengwa mwaka 1956. Lilikuwa na kilomita za ujazo 18 za maji, zaidi ya mara 15 ya yale ya Nyumba ya Mungu. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 240. Ukitoka Moshi ukaenda umbali huo kwa barabara ya Tanga, unakaribia Korogwe. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 2023 ukuta ukavunjika. Eneo lilikuwa mikononi mwa majeshi ya Urusi. Ukraine ilisema Urusi imelilipua, Urusi ikakana na kuitupia Ukraine lawama. Ukuta wa namna hiyo hauhitaji kubomolewa wote. Ukipata pengo, maji yenyewe hula kingo, na pengo linapanuka saa hadi saa.

Huko chini, katika miji ya Kherson na Oleshky, watu walipanda mapaani. Hilo kila mtu aliliona kwenye televisheni. Lililosemwa kidogo ni mabomu ya kutegwa ardhini: kingo za mto zilikuwa zimejaa mabomu hayo, na mafuriko yakayazoa, yakayatawanya mashambani na pwani. Hata aliyeyatega hajui tena yalipo.

Sasa panda upande wa juu wa mto, nyuma ya ukuta, mahali ambapo hapakuwa na mafuriko. Katika siku chache maji yalishuka chini ya midomo ya mabomba. Mji wa Nikopol, uliokaa kando ya ziwa hilo vizazi viwili, ukabaki unatazama tope, watu wakipanga foleni na madumu. Mifereji ya umwagiliaji ya kusini ikakauka, pamoja na ule uliokuwa ukipeleka maji rasi ya Crimea. Kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia, chenye vinu 6, kilikuwa kikitegemea bwawa hilo kwa maji ya kupozea. Vinu vilikuwa havizalishi umeme tena, lakini fueli ya nyuklia huendelea kutoa joto hata kinu kikizimwa, kwa hiyo ikabidi vichimbwe visima.

Tuchukue Nyumba ya Mungu, Mungu apishe mbali. Mto Kikuletwa unaleta maji ya Meru na Kilimanjaro, mto Ruvu wa huku kwetu unaleta ya Ziwa Jipe. Yote yanakutana pale na kutoka kama mto Pangani. Mafuriko yangeshuka kuelekea Korogwe, yakaingia baharini. Baada ya hapo mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani ingekuwa inasubiri mvua, kwa sababu bwawa ndilo ghala lao la kiangazi. Na meza ya mama huyu ingekuwa tupu.

Si jambo jipya. Mwaka 1938 serikali ya China ilivunja tuta la mto Huang He ili kuwazuia Wajapani. Walikufa raia wake wenyewe kwa malaki, na mto haukurudishwa kwenye njia yake hadi 1947. Mwaka 1943 ndege za Uingereza zilipasua bwawa la Möhne, Ujerumani. Mamia ya waliozama walikuwa wanawake waliotolewa Sovieti kwa nguvu kuja kufanya kazi, yaani watu wa upande uleule wa warushaji wa mabomu. Ukuta ulijengwa upya mwaka huohuo.

Sheria ipo. Ibara ya 56 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva inayolinda watu vitani, inakataza kushambulia mabwawa iwapo raia watapata hasara kubwa. Kuna hata alama yake, duara tatu za rangi ya chungwa zilizopangwa mstari mmoja. Ila imeachiwa mwanya: bwawa likitumika kusaidia vita moja kwa moja na mfululizo, na hakuna njia nyingine ya kulizuia, kinga hiyo inaondoka. Mwanya huo, kwa maoni yangu, unapitisha lori.

"Na samaki wa huko?" mama akauliza.

Nikamwambia walibaki wakigaragara kwenye tope, hadi wakaoza, na serikali ikawaonya watu wasiwaguse kwa hofu ya sumu.

Hapo ndipo kisu kiliposimama. "Hata kuokota ukauze, hakuna?"

Hakuna, mama.