Giligilani katika bustani ya nyumbani: majani kwanza, mbegu baadaye

Lalamiko ambalo maofisa ugani hulisikia mara kwa mara kuhusu giligilani ni kwamba mmea huo hutoa maua kabla mwenye bustani hajapata majani ya kutosha hata kwa kachumbari ya mara mbili. Wengi hudhani udongo umechoka, wakaongeza mbolea, ilhali kwa kawaida chanzo ni joto, ukavu wa udongo au mizizi iliyosumbuliwa. Giligilani ni mmea wa msimu mmoja, wa jamii moja na karoti, bizari nyembamba na kisibiti, na unapopata taabu huacha kuongeza majani ukaharakisha kuzaa mbegu.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kupanda una uzito kuliko mbolea. Kwa wakazi wa pwani, miezi ya kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndiyo inayofaa zaidi kwa majani. Kaskazi inapovuma, panda mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na utarajie mavuno machache. Nyanda za juu kama Lushoto, Njombe na Limuru zina ubaridi unaoufaa mmea huu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Kile tunachokiita mbegu ni tunda dogo kavu lenye mbegu mbili ndani yake. Zitandaze juu ya kitambaa, kisha uzikandamize taratibu kwa kibao au mpini wa kusukumia chapati mpaka zipasuke vipande viwili bila kusagika, halafu uziloweke usiku kucha. Giligilani nzima ya dukani, ile ya jikoni, huweza kuota ikiwa si kuukuu. Lakini mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa dawa ya rangi zisiliwe kamwe, wala zisiwekwe karibu na viungo vya kupikia.

Usianzie kwenye kitalu. Mmea huu una mzizi mkuu mrefu usiopenda kuhamishwa, hivyo sia moja kwa moja bustanini, au kwenye ndoo iliyotobolewa chini yenye kina cha sentimita 20 au zaidi, kwa kufukia mbegu sentimita 1 hivi katika mistari iliyoachana sentimita 20. Miche huchomoza baada ya wiki moja hadi tatu. Ipunguzie mpaka ibaki nafasi ya kama sentimita 8 kati ya mche na mche, na ile uliyoing'oa uile. Samadi iliyooza vizuri inatosha, kwani naitrojeni ikizidi majani huwa mengi lakini harufu hupungua. Mwagilia asubuhi, udongo ukae na unyevu bila kutuamisha maji, maana maji yakituama huleta kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga kwa kuozesha shina usawa wa udongo. Aidha, sia mstari mpya kila baada ya wiki mbili au tatu. Hakuna njia nyingine ya kuaminika ya kupata majani mfululizo.

Majani huanza kuvunwa mmea unapofikia urefu wa sentimita 15, takriban wiki tano hadi saba baada ya kusia. Kata mashina ya nje, uache kitovu, na usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, hasa ukiwa umeyanunua bila kujua yalimwagiliwa maji gani. Yatie chakulani mwishoni, sufuria ikiwa inaepuliwa, kwa sababu moto huyamaliza harufu haraka. Wapo wanaosema yananuka sabuni, nao wasidhaniwe kuwa wanadeka: kwa baadhi yao, tofauti hiyo ya kunusa ni ya kurithi.

Shina la maua likishachomoza, kulikata hakurudishi majani mapana, afadhali uliache. Maua yake meupe huvuta nyuki na wadudu wanaokula vidukari. Miezi mitatu hadi minne tangu kusia, mbegu nyingi zinapobadilika kutoka kijani kuwa hudhurungi, kata vichwa asubuhi umande ungalipo, kwa kuwa mchana hupukutika vinapoguswa tu. Vitie ndani ya mfuko wa karatasi na uvining'inize kichwa chini mahali penye hewa kwa wiki moja au mbili, kisha uvipukuse na kupepeta kwa ungo. Usiharakishe kuvuna zikiwa mbichi, kwani harufu yake wakati huo haipendezi na ule utamu wa machungwa bado haujajengeka.

Hifadhi mbegu zikiwa nzima katika chupa kavu yenye mfuniko, mbali na mwanga. Unapotaka kupika mchuzi, zikaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka zinukie, kisha usage kiasi cha siku chache tu, kwa sababu unga wake hupoteza harufu mapema kuliko mbegu nzima.